Ngoma Isiyotafutika: Lugha na Mikusanyo ya Makumbusho katika Intaneti

Tuchukulie mpigaji isukuti wa Iguhu, Kakamega, aliyesikia kwamba ngoma za mababu zake zimehifadhiwa Ulaya. Anaingia katika tovuti ya makumbusho mojawapo kwa simu yake na kuandika neno analolijua: isukuti. Huenda asipate lolote. Anajaribu Idakho, jamii yake, bado patupu. Je, vitu hivyo havipo? Si lazima. Yamkini viko chini ya jina Kavirondo.

Jina hilo lina historia. Wakoloni waliwaita Waluhya na Waluo kwa pamoja Kavirondo, kisha wakawagawa kuwa Wakavirondo wa Kibantu na wa Kiniloti. Jina Abaluyia lilianza kushika mizizi katika miaka ya 1930, na hata hilo huandikwa ama Luhya ama Luyia. Karani aliyesajili ngoma mwaka 1910 hangeweza kulitumia. Programu ya leo inaponakili kadi yake bila kuongeza neno, hurithi pia kutojua kwake.

Makala haya yanashikilia kwamba kuunda upya mkusanyo wa makumbusho ni kazi ya leksikografia kabla ya kuwa kazi ya wasanifu wa kurasa. Mathalani, Makumbusho ya Uingereza, London, yalizindua toleo jipya la mkusanyo wake mnamo Aprili 2020, milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya Korona: takribani vitu milioni 4.5 na picha milioni 1.9. Picha ziliweza kukuzwa na kurasa zikasomeka vyema kwenye simu. Hatua hiyo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, msomaji anayetafuta kwa lugha nyingine bado hana budi kupitia mlango wa Kiingereza.

Tatizo jingine ni la kimofolojia, nalo wasanifu hulisahau mno. Neno la Kiingereza aghalabu hubadilika mkiani, kwa hiyo programu hufundishwa kukata mkia. Maneno ya Kibantu hubadilika kichwani. Anayetafuta kigango, ile nguzo ya ukumbusho ya Wamijikenda, hatapata kilichoandikwa vigango, kwa kuwa mashine isiyojua viambishi vya ngeli huyaona maneno hayo kuwa hayana undugu. Dawa yake tunaijua sisi wanafunzi wa kamusi: kila kitu kipewe kidahizo, maumbo yake ya umoja na wingi, visawe vyake, na majina ya zamani yaliyobainishwa kuwa ya zamani. Kavirondo lisifutwe, lionyeshe njia.

Haja hii ilidhihirika zaidi baada ya mradi wa International Inventories Programme, ulioanza mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, vikundi vya wasanii vya The Nest na SHIFT, na makumbusho ya Cologne na Frankfurt. Mradi huo uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ughaibuni, na maonyesho yake yakafanyika Nairobi mwaka 2021. Orodha inayotoka katika taasisi nyingi hurithi tahajia za zote.

Ikumbukwe pia kwamba ngoma kwetu ni chombo na ni mchezo. Kilichoingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura ni mchezo wa isukuti wa Waisukha na Waidakho, wala si mti na ngozi. Ukurasa wenye picha na vipimo vya sentimita pekee umesema nusu. Sauti ni sehemu ya maelezo.

Kuna kitu kingine kinachonitatiza. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyomo katika Makumbusho ya Uingereza, haikuwa ya kutazamwa na kila mtu. Je, picha yake ionekane na yeyote? Programu ya Mukurtu, iliyotokana na kazi pamoja na Wawarumungu wa Australia, huiachia jamii uamuzi wa nani aone nini. Sioni sababu ya Wapokomo kunyimwa uamuzi huo.

Kwa isukuti, kazi inaweza kuanzia Iguhu kwenyewe: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila sehemu yake ikiandikwa jina kwa Lwidakho na Kiswahili, kutoka ngozi ya kenge hadi mkanda unaoishikilia begani.