Kuaga Mara Mbili: Mchezaji wa Timu ya Mgodi Anapokwenda Kucheza Nje

Mchezaji wa timu ya mgodi anayepata klabu nje ya nchi huaga mara mbili: kwa mwajiri wake, na kwa klabu iliyomsajili. Kila kuaga kuna sheria yake, hati zake na hasara zake. Wengi hukumbuka moja tu kati ya hizo mbili, kwa kawaida ile ya klabu, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa magazetini.

Mwadui, katika Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, inaonyesha vizuri jinsi mambo hayo mawili yalivyofungamana. Mgodi wa almasi wa pale ulianzishwa na John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada aliyeligundua eneo hilo mwaka 1940. Kuuzunguka mgodi kulijengwa mji wa kampuni: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, na baadaye uwanja na timu. Katika miaka ya mashirika ya umma, kijana mwenye kipaji aliweza kuajiriwa kama karani, fundi au mlinzi huku kila mtu akijua kwamba ameitwa kwa ajili ya mpira. Asubuhi alikuwa kazini, jioni mazoezini. Utaratibu huo haukuwa wa Mwadui peke yake. Pamba ya Mwanza na Reli ya Morogoro ziliishi hivyohivyo, na hadi leo Mtibwa Sugar, Kagera Sugar na Tanzania Prisons zinabeba majina ya waajiri. Ubaya wake ulikuwa mshahara wa kawaida. Uzuri wake ni kwamba goti likiharibika, kazi ilibaki, na hakuna ligi ya nje inayotoa dhamana ya namna hiyo.

Mwadui FC ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2015/16 na kushuka mwishoni mwa msimu wa 2020/21. Kwa mchezaji wa ngazi hiyo sasa, mkataba wa mpira ndiyo ajira yenyewe, nao huwa wa msimu mmoja au miwili. Lakini chini ya Ligi Kuu, katika madaraja ya chini na kwenye ligi za mikoa, mchezaji mwenye kazi ya mchana bado ni jambo la kawaida kote katika ukanda wa madini, kuanzia Kishapu na Kahama hadi Geita. Huyo ndiye mwenye mengi ya kuacha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Akiitoa, analipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hajaichukua, na anastahili cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, ni cha anayeachishwa kazi na mwajiri. Anayejiuzulu mwenyewe hakipati. Upande wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi isiyopungua 180. Mchezaji aliyechangia miaka sita, yaani miezi 72, bado ana safari ndefu, na miaka atakayocheza ugenini bila kuchangia haitaipunguza.

Kwa hiyo majaribio hayapaswi kuanza na barua ya kujiuzulu. Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, muda unaotosha majaribio ya kawaida ya wiki mbili au tatu. Anayetaka muda zaidi anaweza kuomba likizo bila malipo, ambayo mwajiri hana lazima ya kuitoa ila mara nyingi huitoa akiombwa mapema. Kijana anayeacha kazi kwa sababu wakala amempigia simu ameuza jembe kabla mvua haijanyesha.

Marafiki nao wamo katika hesabu, na si kwa upande wa huzuni peke yake. Katika mji wa kampuni, mchezaji mwenzako ni jirani yako, mwanachama mwenzako wa SACCOS, na aghalabu mmoja wa wadhamini wako wa mkopo. Mwanachama akiondoka na deni lisilolipwa, chama huwageukia wadhamini, yaani kipa na beki wa kulia waliotia saini kwa nia njema. Vyama vya kufa na kuzikana vina kanuni zake pia, ambapo asiyelipa ada kwa muda fulani hufutwa, na familia aliyoiacha nyumbani hubaki bila kinga. Kumaliza mikopo, au kuweka utaratibu wa maandishi wa kuilipa kutoka nje, ni sehemu ya safari kama ilivyo tiketi ya ndege. Urafiki mwingi wa uwanjani umevunjikia hapo, wala haukuvunjwa na umbali.

Njia za kutoka Kanda ya Ziwa kwenda nje zimekuwa chache lakini zipo. Elius Maguri alikuwa Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi, alipoifungia Tanzania dhidi ya Algeria Novemba 2015 katika sare ya 2–2. Baada ya hapo akaenda Dhofar ya Oman. George Mpole aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2021/22 akiwa na Geita Gold, kwa mabao 17, bao moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, kisha akasajiliwa na FC Lupopo ya Lubumbashi. Kutoka ukanda wa dhahabu hadi mji wa shaba, tena mji unaozungumza Kiswahili. Wengi wa wengine hupitia kwanza klabu kubwa za Dar es Salaam, kwa kuwa huko ndiko mawakala na kamera ziliko.

Lugha ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walipokwenda TP Mazembe mwaka 2011, walikuwa wawili, na walifika Lubumbashi ambako mtu anaweza kununua mkate, kupanga nyumba na kugombana na kocha kwa Kiswahili. Samatta alikaa pale hadi akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, ndipo Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Oman nayo ina jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili wenye asili ya Zanzibar na mwambao. Anayeruka moja kwa moja hadi Ulaya Mashariki hana ngazi hiyo ya katikati, na miezi yake ya kwanza huwa ya ukimya katika chumba cha kubadilishia nguo.

Baada ya ajira huja usajili, na hapa ndipo fedha za klabu ndogo zinapopotea. Mchezaji hawezi kucheza ugenini mpaka shirikisho la nchi aliyotoka, kwa Tanzania TFF, litoe hati ya uhamisho wa kimataifa inayojulikana kwa kifupi ITC. Hati hiyo hupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA, TMS, ulioanza kuwa wa lazima Oktoba 2010. Pamoja nayo huenda pasipoti ya mchezaji, ambayo si ile ya Uhamiaji bali orodha ya klabu zote zilizomsajili tangu msimu alipotimiza miaka 12. Klabu isiyo na kumbukumbu za usajili haimo kwenye orodha, na isiyomo hailipwi.

Malipo ni ya aina mbili. Fidia ya mafunzo hudaiwa mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, na tena anapohamia nchi nyingine kabla ya kwisha kwa mwaka anaotimiza miaka 23. Huhesabiwa kwa misimu ya kati ya miaka 12 na 21, kwa gharama za klabu mpya, siyo za klabu iliyomlea. Klabu ya Ulaya ya daraja la tatu kwa mpangilio wa FIFA huhesabiwa euro 30,000 kwa mwaka. Ya Afrika ya daraja hilohilo, dola 10,000. Ni muhimu kuelewa kwamba FIFA humtambua kama mchezaji wa kulipwa yule tu mwenye mkataba wa maandishi na malipo yanayozidi gharama zake za kucheza. Mlinzi wa mgodi anayecheza jioni kwa posho ya nauli ni wa ridhaa, na klabu ya nje inaweza kumchukua bila ada ya uhamisho. Lakini fidia ya mafunzo inabaki palepale. Viongozi wengi wa mikoani hawalijui hilo, hivyo huandika barua ya kumwachia kijana bure na kupiga naye picha.

Aina ya pili ni mchango wa mshikamano. Kila ada ya uhamisho wa kimataifa hukatwa asilimia 5 kwa ajili ya klabu zilizomlea mchezaji: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Kijana aliyelelewa Shinyanga tangu msimu wa miaka 16 hadi ule wa 20, akija kuuzwa baadaye kwa dola milioni moja, klabu yake ya kwanza inastahili dola 25,000. Mgawo huo haukomi. Unarudi kila anapouzwa, hata kati ya klabu mbili za nchi moja ya ugenini. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, na hilo limepunguza uwezo wa klabu kubwa kujifanya hazijaona barua.

Kwa wanawake hesabu ni tofauti. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya England mwaka 2024; Clara Luvanga, wa klabu hiyohiyo ya nyumbani, alipitia Hispania hadi Al-Nassr ya Saudi Arabia. Fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake, hivyo klabu iliyowalea hubaki na ada ya uhamisho, ikiwepo, na mgawo wa mshikamano. Kwa klabu ya wanawake, mkataba halali wenye muda uliobaki ndiyo kinga karibu pekee.

Umri nao una ukuta. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 umekatazwa, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusu mpira. Kelvin John alisubiri hadi alipotimiza miaka 18, Juni 2021, ndipo akajiunga na Genk. Wakala anayeahidi kumpeleka nje mtoto wa miaka 16 anasema asichoweza kukitekeleza kihalali.

Mkataba wenyewe una vipengele vinavyomlinda mchezaji kuliko anavyojua. Chini ya kanuni za FIFA, uhalali wake hauwezi kutegemea vipimo vya afya wala kibali cha kazi; klabu inapaswa kuyamaliza hayo kabla ya saini. Farid Mussa wa Azam alifaulu majaribio Tenerife ya Hispania mwaka 2016, kisha akakaa miezi kadhaa nyumbani akisubiri kibali. Kwa kibali cha aina hiyo, Ubelgiji na Uholanzi huweka kima cha chini cha mshahara kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya, na kima hicho ni kikubwa kiasi kwamba klabu haithubutu kubahatisha. Mshahara usipolipwa kwa miezi miwili, mchezaji anaweza kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15 na, isipolipa, kuvunja mkataba kwa sababu halali. Simon Msuva alifikisha FIFA madai yake dhidi ya Wydad Casablanca na akashinda. Madai huwa na ukomo wa miaka miwili, kwa hiyo stakabadhi za benki na nakala ya mkataba hazitupwi.

Kurudi ni sehemu ya safari, na mara nyingi huja mapema kuliko ilivyopangwa. Mchezaji aliye chini ya mkataba husajiliwa tena nyumbani katika dirisha la usajili tu, na ITC lazima irudi TFF. Ambaye mkataba wake ulikwisha kabla ya dirisha kufungwa anaweza kusajiliwa hata baada ya hapo kama mchezaji huru, ikiwa kanuni za ligi zinaruhusu. Katika ajira, hana haki ya kudai nafasi yake ya zamani isipokuwa aliondoka kwa likizo bila malipo yenye maandishi. Nje ya hapo anaomba kazi upya, na cheti cha utumishi ndicho ushahidi wa miaka aliyofanya. Namba yake ya uanachama wa NSSF haibadiliki, na michango mipya huongezwa juu ya ile aliyoiacha.