Iqala: Kuacha Kazi ya Mkataba Kabla ya Muda kwa Wema

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Tumeulizwa na kijana anayesomesha katika shule ya bweni. Alitia saini mkataba wa miaka 2, na sasa ametimiza miezi 7. Kazi haikumfaa. Kulinda bweni usiku kunamchosha, na darasani haingii tena kwa moyo. Ameshachukua mshahara wa mwezi mmoja mbele, naye amekusudia likizo ikifika afunge virago asirudi. Je, inajuzu?

Ndugu msomaji, ajira katika fiqhi ni *ijara*, yaani kuuza manufaa kwa ujira maalumu. Kwa jumhuri ya wanavyuoni ni mkataba wenye kulazimu pande zote mbili, na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 1, imetuamrisha kutimiza mikataba. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) amebainisha katika *Minhaj* kwamba ijara haivunjiki kwa udhuru tu: aliyekodi hamamu akakosa kuni, au aliyekodi nyumba akapatwa na safari, mkataba wake uko pale pale. Wanavyuoni wa Kihanafi wamepanua zaidi, wakaruhusu kuvunja kwa udhuru unaoleta madhara. Lakini kuchoka peke yake si madhara ya namna hiyo.

Hapa lazima tutenganishe hali tatu. Ya kwanza, kazi yenyewe ni haramu, kama kuhudumia pombe. Mkataba huo haufungi, na aliyemo atoke. Ya pili, muajiri amevunja sharti, kwa mfano halipi ujira. Huyo mfanyakazi ana haki ya kudai na kuvunja. Ya tatu ndiyo ya kijana wetu: kazi ni halali, muajiri ametimiza, ila haimfai. Mlango wake ni *iqala*, yaani kuomba mwenzako aridhie mkataba uondolewe.

Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) maana ya kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kurejesha biashara, Mwenyezi Mungu atamsamehe kosa lake. Hadithi imekuja katika biashara, na wanavyuoni wakaitumia pia katika ijara, kwani nayo ni aina ya mauzo. Muajiri asione basi kwamba amenyang'anywa. Amefunguliwa mlango wa thawabu.

Hata sheria ya nchi imeelekea huko. Kanuni za ajira zilizotolewa Tanzania mwaka 2007 (Tangazo la Serikali Na. 42) ziliweka kwamba mwenye mkataba wa muda maalumu, ikiwa muajiri hakukiuka, hutoka mapema kwa makubaliano naye.

Tulimwambia kijana: Mwendee mkuu wako ana kwa ana kabla hujawaambia walimu wenzako. Sema ukweli bila ya kumtia aibu. Pendekeza siku isiyowadhuru wanafunzi, mwisho wa muhula na si wiki ya mitihani. Ujira wa siku ulizofanya kazi ni haki yako. Ulichochukua mbele kwa siku usizofanya ni deni, kirejeshe. Kabidhi funguo, vitabu na daftari la maksi. Mkikubaliana, andikeni na mshuhudishe. Asiporidhia, subiri, uombe tena au mtafute msuluhishi. Na ukishaondoka, uzuie ulimi wako.

Nabii Musa (A.S.) aliajiriwa Madyan kwa miaka 8, na 10 ikiwa ni hiari yake. Ibn Abbas (R.A.) amesema, kama alivyopokea Bukhari, kwamba alitimiza ule mrefu zaidi. Asiyeweza kuufikia wema huo, basi walau asitoroke. Anayetoroka humfungia mlango Muislamu atakayekuja baada yake kuomba kazi pale pale.

Wallahu a'alam.