Upanga wa sifongo haukati, lakini gundi yake yaweza kukudhuru

BILA shaka umewahi kutazama sinema ambapo shujaa anapigwa rungu la kichwa, anaanguka chini kwa kishindo, kisha anainuka bila hata uvimbe. Pengine ulijiuliza kama mtu huyo ana kichwa cha chuma. La hasha! Rungu lenyewe lilikuwa la mpira au sifongo.

Watengenezaji wa filamu huunda silaha moja mara mbili au tatu. Upanga wa kwanza huwa wa chuma butu, nao huonyeshwa kamera inaposogea karibu. Wa pili huwa mwepesi, wa mbao au alumini, kwa ajili ya kupigana. Wa tatu ni wa mpira au sifongo, ndani yake mna waya au kijiti cha kuunyoosha, na huo ndio unaotumiwa mtu anapopigwa au anapoanguka nao. Hata chupa inayovunjwa kichwani mwa mwigizaji si ya kioo. Zamani ilitengenezwa kwa sukari iliyochemshwa ikagandishwa, na siku hizi hutumiwa plastiki inayovunjika kwa urahisi.

Ufundi huu sasa umekuwa uraibu wa vijana wengi. Wapo wa vikundi vya maigizo, wapo wanafunzi wanaojiandaa kwa tamasha za drama, na wapo wanaojivika kama mashujaa wa katuni katika maonyesho kama Naiccon hapa Nairobi. Swali letu leo ni hili: ikiwa silaha hizi hazikati wala hazilipuki, je, hazina madhara?

Tuseme wewe ni mmoja wa vijana hao na unaishi Tassia, Embakasi. Chumba chako kiko katika ghorofa ya nne. Dirisha ni moja, nalo linatazamana na ukuta wa jirani. Kitanda kiko upande huu, meko ya gesi upande ule, na nyuma ya pazia amelala mtoto wa dada yako. Hapo ndipo unapoundia upanga wako usiku baada ya kazi. Basi hatari yako haiko kwenye makali ya upanga. Iko katika hewa ya chumba hicho.

GUNDI NA RANGI

Kazi huanza kwa kuchora umbo kwenye karatasi, kisha kulikata kutoka kwa ile mikeka ya sifongo ambayo watoto huchezea sakafuni, au hata kutoka kwa malapa yaliyochakaa. Vipande viwili hupakwa gundi kali kama ile ya mafundi wa viatu, vikaachwa vikauke kidogo, ndipo vikabanwa pamoja. Mwishowe hupulizwa rangi ya fedha, na upanga hung'aa kama wa chuma.

Gundi nyingi za aina hiyo zina viyeyusho kama tolueni. Wewe mkaaji wa Nairobi umeona madhara yake kwa macho yako: ndiyo hiyo hiyo ambayo watoto wa mitaani huinusa kwenye chupa. Anayeivuta kwa muda mfupi huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Anayeivuta kwa wingi na kwa muda mrefu huweza kudhurika ubongo na neva. Mama mjamzito hafai kabisa kukaa katika chumba chenye mvuke huo, kwa kuwa unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mvuke wa gundi na wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatoka kwa dirisha, bali hushuka na kutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Katika chumba kimoja, moto huo ni jiko lako. Usifungue mkebe wa gundi huku chai ikichemka.

REZINI, PAIPU NA VYUMA

Wanaotaka silaha ngumu zaidi hutumia faibaglasi. Hutengeneza kalibu, wakamimina rezini iliyochanganywa na dawa ya kugandisha. Mvuke wa rezini huwasha macho na koo. Dawa ya kugandisha ni hatari zaidi, kwani tone moja likiingia jichoni laweza kuharibu uwezo wa kuona. Likikuingia, osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Rezini ikikumwagikia mkononi, ipanguse kwa kitambaa halafu unawe kwa sabuni na maji. Usinawe kwa thina, kwa maana huondoa mafuta ya ngozi na yenyewe hupenya mwilini.

Kuna pia povu la kuchanganya, ambalo huumuka kama mandazi na kujaza kalibu. Kemikali zake huweza kuamsha ugonjwa wa pumu hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuugua. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo siku nyingine huweza kukubana kifua. Ukianza kukohoa au kukoroma kifuani kila unapofanya kazi hiyo, iache na umwone daktari.

Wengine huchoma paipu za plastiki ili kuzipinda ziwe mitutu. Paipu ya PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma mapafu. Na wanaokata vyuma kwa grainda bila miwani hujitafutia balaa. Kipande cha chuma kikiingia jichoni usikisugue wala usimwombe mwenzako akitoe kwa kijiti. Funika jicho bila kulikandamiza, uende hospitali upesi.

FUNZO KUTOKA KAMPALA

Majirani zetu wa Uganda wana mengi ya kutufundisha. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Bw Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliwood walitengeneza filamu ya "Who Killed Captain Alex?" mwaka wa 2010 kwa pesa kidogo sana. Bunduki zao huundwa na Bw Dauda Bisaso kutokana na vyuma chakavu. Nayo damu ya wanaopigwa risasi huwekwa ndani ya kondomu, ambayo hupasuliwa wakati ufaao.

Hapo mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe. Waliiacha baada ya mmoja wao kuugua brusela, wakaanza kutumia rangi ya chakula. Ugonjwa huu hutokana na bakteria wanaoishi katika damu, maziwa na nyama ya mifugo walioambukizwa. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, kutokwa na jasho usiku, uchovu na maumivu ya viungo, na mara nyingi mgonjwa hudhani ana malaria. Hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria ambazo humezwa kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo, ukitaka damu ya mchezo, changanya sharubati na rangi nyekundu ya chakula. Ya machinjioni iache huko huko.

BUNDUKI HALISI SI MCHEZO

Usikubali bunduki halisi iletwe kwenye mchezo, hata ukiambiwa ina risasi tupu. Risasi tupu haina kichwa, lakini ina baruti. Mwaka wa 1984, mwigizaji wa Marekani Jon-Erik Hexum, mwenye umri wa miaka 26, alijielekezea kichwani bastola yenye risasi tupu kwa utani. Nguvu ya mlipuko ilimvunja fuvu, naye akafa siku chache baadaye. Mwaka wa 1993 Brandon Lee aliuawa wakati wa kupiga filamu kwa sababu kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama mtutuni, na risasi tupu ikakisukuma nje. Mwaka wa 2021 mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi halisi iliyokuwa ndani ya bastola ya filamu.

Hata bastola yako ya sifongo yaweza kukuletea mauti ukiichomeka kiunoni na kutoka nayo barabarani. Polisi au umati wenye hasira hautangoja kuigusa ujue ni laini. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataja pia silaha bandia, na anayeitumia kwa uhalifu huadhibiwa. Ibebe ndani ya mfuko uliofungwa, ipake ncha rangi ya machungwa, na mnapopiga filamu pateni leseni ya KFCB na mkijulishe kituo cha polisi kilicho karibu.

UFANYE NINI?

Fanyia kazi ya gundi, rezini na rangi nje, mahali penye upepo, mbali na moto na watoto. Paa la fleti linafaa ikiwa mwenye nyumba amekubali na lina ukuta wa kukinga. Vaa glavu na miwani. Kumbuka kwamba barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo tu wala haizuii mvuke. Unayohitaji ni ile yenye vichujio vya mkaa. Pendelea gundi na rangi za maji. Funga mikebe vizuri, na kamwe usiweke thina katika chupa ya soda, kwani mtoto ataifikiria kinywaji. Ukihisi kizunguzungu, toka nje mara moja.

Mpenzi msomaji, upanga wa sifongo ulibuniwa ili mwigizaji arudi nyumbani akiwa mzima. Wewe unayeuunda nawe ubaki mzima, pamoja na mtoto aliyelala nyuma ya pazia. Kinga ni bora kuliko tiba.