Kombewa hadi New York ni saa ngapi?

Kama mama yako wa Kombewa amekatiwa tikiti ya kwenda New York kuona wajukuu, usimwambie ni safari ya saa 15. Hizo ni za angani tu kutoka Nairobi, kilomita 11,800 hivi, kwa ndege ya moja kwa moja iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018. Ongeza matatu hadi Kisumu (nayo haina ratiba), ndege ya Nairobi isiyofika saa nzima, na kusubiri. Kurudi hupungua kama saa moja, kwani upepo wa juu huvuma kutoka magharibi. Akiwa na dawa za kila siku, azibebe mkobani na amwone daktari mapema: saa za huko ziko nyuma yetu kwa saa 7 au 8.