Fahamu Namna Salama ya Kuondoa na Kuhamisha Soketi Wakati wa Ukarabati wa Nyumba

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapokarabati nyumba yake, aghalabu fundi wa kwanza kuingia ni mwashi, naye huanza kazi kwa nyundo na tindo. Ukuta unaovunjwa ili kupanua sebule au kuweka makabati ya jikoni huwa umebeba nyaya zisizoonekana, zenye umeme wa volti 230, kiwango kinachotosha kuua. Kwa sababu hiyo, kazi ya kuondoa au kuhamisha soketi inapaswa kumtangulia mwashi, na ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Kosa la kuepukwa kuliko yote ni kukata nyaya za soketi, kuzikunja ndani ya tundu lake na kupiga plasta juu. Soketi hutoweka machoni, lakini umeme hubaki ukutani.

Ili kuelewa hatari hiyo, ni vema kufahamu kwamba soketi nyingi hazina waya wa peke yake. Waya hutoka soketi moja kwenda nyingine. Katika mfumo wa mzunguko, ambao hutumika kwa soketi za ampea 13, nyaya huanzia kwenye swichi kuu, hupitia soketi zote na kurejea hapohapo, hivyo kila soketi hulishwa kutoka pande mbili. Soketi moja ikiondolewa bila nyaya zake kuunganishwa upya, nyingine zote huendelea kufanya kazi, na mwenye nyumba huamini kuwa mambo ni shwari. Kumbe mzigo uliogawanywa pande mbili sasa waweza kuelemea upande mmoja, waya ukapata joto kupita kiasi bila saketi breka kukata umeme, kwa kuwa breka hiyo iliwekwa kwa kuzingatia uwezo wa pande zote mbili. Hivyo, soketi kufanya kazi si uthibitisho wa usalama.

Utaratibu salama huanza kwa kuzima umeme kwenye swichi kuu na kuifunga au kuibandika tangazo, ili mtu mwingine asiiwashe kwa kutojua. Nyumba yenye jenereta, betri au umeme wa jua izimwe mifumo hiyo pia. Kisha fundi athibitishe kwa kifaa cha kupimia kwamba nyaya hazina umeme. Kifaa hicho kijaribiwe kwanza mahali penye umeme, kitumike kwenye nyaya husika, kisha kijaribiwe tena palepale pa mwanzo, kwa kuwa kifaa kibovu husema hakuna umeme hata pale ulipo.

Iwapo soketi haihitajiki tena, nyaya zake ziondolewe hadi mahali zilipoanzia. Ikiwa zinalisha soketi nyingine, ziunganishwe kwa viunganishi madhubuti ndani ya kisanduku chake, na kisanduku hicho kifunikwe kwa kifuniko kisicho na matundu, kitakachoonekana ukutani. Kifuniko hicho ni alama kwa fundi ajaye kwamba hapa nyaya zingalipo.

Soketi inapohamishwa, nyaya mpya zipite ndani ya bomba lake, wima au mlalo kutoka kwenye soketi, wala zisikatishe ukuta kwa mshazari. Mtu atakayetoboa ukuta miaka mingi baadaye ataweza kukisia zinakopita kwa kutazama soketi ilipo.

Kabla ya plasta kupigwa, mwenye nyumba apige picha za kuta zikionesha njia za nyaya, na azihifadhi pamoja na nyaraka za nyumba. Fundi naye apime waya wa ardhini, ubora wa gamba la nyaya na kifaa cha kukata umeme unaovuja kabla ya kuwasha.

Aidha, kuhamisha mita ya LUKU au waya utokao kwenye nguzo si kazi ya fundi wa mtaani. Maombi hayo hupelekwa katika ofisi ya Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) iliyo karibu.

Wananchi wanakumbushwa kudai kuoneshwa leseni ya fundi kabla ya kazi kuanza. Gharama ya fundi mwenye sifa hulipwa mara moja. Waya uliofukiwa vibaya huendelea kuwa hatari kwa kila atakayeishi katika nyumba hiyo.