Kisu cha mgongoni hakifiki machoni

Maswali ya wasomaji yamerundikana, na mengi ni swali lile lile: ni kweli mtu anaweza kupasuliwa mgongo akaamka haoni? Ndiyo, hutokea, ila kwa nadra sana. Rekodi za hospitali za Marekani za mwaka 1996 hadi 2005 zilionyesha wagonjwa kama 3 katika kila 10,000 waliofanyiwa operesheni ya kuunganisha pingili, na baadaye idadi ikapungua.

Kinachonikera ni maelezo ya mitaani. Eti kuna mshipa unaotoka kiunoni hadi machoni, daktari akiukata umekwisha. Mshipa huo haupo. Neva ya jicho hutoka nyuma ya jicho ikaingia kwenye ubongo; hata shingoni haifiki. Wengine wanasingizia nusu kaputi, kwamba dawa yenyewe "hupanda machoni". Si kweli.

Tatizo ni mkao na muda. Ili daktari aufikie uti wa mgongo, mgonjwa hulazwa kifudifudi, pengine saa nyingi. Tumbo hubanwa, presha ndani ya jicho hupanda, na kichwa kikiwa chini ya usawa wa moyo, damu inayopaswa kurudi kutoka usoni huzubaa kwenye vena. Maji huanza kuvuja kutoka mishipani na kuingia kwenye nyama, ndiyo maana baada ya operesheni ndefu wagonjwa huamka na nyuso zilizovimba. Uso una nafasi ya kuvimba. Neva ya jicho haina: imevikwa ala, kisha inapenya kitundu chembamba cha mfupa. Sehemu yake ya nyuma hulishwa na vijishipa vidogo mno vinavyotambaa juu ya utando wake. Neva ikivimba humo, hujikaba yenyewe kama kidole kilichovimbia ndani ya pete, na vijishipa vyake hukabwa pamoja nayo. Wakati huohuo damu inamwagika kwenye kidonda, na inayobaki mwilini hubeba oksijeni pungufu. Neva inakufa mgonjwa akiwa usingizini, bila maumivu yoyote. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi.

Ushahidi wake unavutia. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilifungua rejista ya visa hivi mwaka 1999. Ripoti ya mwaka 2006 ilikuwa na wagonjwa 93 wa mgongo, na kwa 83 kati yao ni neva iliyokosa damu. Asilimia 96 ya hao 83 walilala nusu kaputi saa 6 au zaidi, au walipoteza damu lita 1 au zaidi. Wengi wao walipofuka macho yote mawili. Na 16 walishikiliwa kichwa kwa pini zilizokazwa kwenye fuvu, macho hayakuguswa na kitu! Kwa hiyo wanaodai kwamba muuguzi "alimlalisha juu ya macho" hawajaeleza chochote kwa visa hivyo. Mgandamizo wa jicho upo, lakini kwa kawaida huziba ateri ya retina na kuharibu jicho moja.

Utafiti wa mwaka 2012 uliongeza vihatarishi vingine: kuwa mwanamume, unene uliopindukia, na kulazwa kwenye fremu ya Wilson, ambayo hukunja mgongo na kushusha kichwa.

Neva iliyokufa hivi haina tiba iliyothibitishwa. Anayekuuzia matone ya "kufungua mshipa" au majani ya kukamulia machoni anakuibia, na anaweza kukuachia kidonda kwenye konea. Mbaya zaidi ni yule anayemtisha mgonjwa akimbie operesheni wakati pingili inaukandamiza uti wa mgongo. Mgonjwa huyo anaweza kupooza miguu kwa ajili ya hofu ya jambo la watu 3 katika 10,000.

Kabla ya operesheni, uliza itachukua saa ngapi, damu kiasi gani hutarajiwa kupotea, kichwa kitakaa usawa gani, na kama ni ndefu, inaweza kugawanywa mara mbili. Mgonjwa akizinduka aulizwe anaona nini kwa kila jicho. Akisema giza au ukungu, daktari wa macho aitwe saa hiyohiyo, damu na presha zipimwe na kurekebishwa, na ubongo upigwe picha, maana wakati mwingine tatizo liko huko.