Familia imeongezeka? Usikimbilie tofali!

Dada karudi nyumbani na mapacha wake, ikabidi sebule tuigawe. Fundi kaja, kasema tupandishe tofali tu. Nikapiga hesabu: ukuta wa mita 3 kwa 2.5 unakula tofali za inchi 6 karibu 70. Moja ina kilo kama 30, jumla tani 2 juu ya sakafu isiyo na msingi chini yake. Sakafu ikititia, ukuta nao unapasuka, na watoto wamelala pembeni!

Tukapiga fremu ya mbao na plaiwudi za futi 4 kwa 8, 3 kila upande. Na muhimu: gawa pale ambapo kila chumba kinabaki na dirisha lake. Watoto wanataka hewa jamani.

Kwenu mmejibanaje?